Kisiki hai, mvua ya bati na kuni chache: maswali ya vikundi vya vijiji vya nyanda kavu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya vijiji vya Dodoma, Singida, Shinyanga na kwingineko ambako mvua ni ya msimu mmoja, milimita 500 hadi 800 hivi kwa mwaka, kisha kiangazi cha miezi sita au saba. Aliyeko Bukoba au Rungwe atapata wazo, ila vipimo vingi vitambidi avibadilishe.

Tuanze na lipi?

Na lile lisilonunuliwa. Visiki vilivyo hai shambani vinahitaji panga na uangalizi tu, kwa hiyo vije kwanza. Mitaro na mashimo ya kupandia huchimbwa kiangazi, mavuno yakishaingia ndani. Jiko unaweza kulijenga wiki yoyote ambayo mvua haijaanza. Tenki la maji liwe la mwisho, maana ndilo peke yake linalodai fedha ya kweli.

Vikundi vingi huenda kinyume: huandika andiko la kuomba tenki na sola, hungoja miaka miwili, na wakati huo wote mbuzi wanatafuna machipukizi ambayo yangekuwa yamefika kimo cha mtu.

Kisiki hai hufanywaje, hatua kwa hatua?

Mti uliokatwa mara nyingi haujafa. Mizizi bado iko chini, mingine imeshuka mita nyingi, na kila mwaka hutoa machipukizi ambayo mkulima huyafyeka akidhani ni vichaka. Kazi yote ni kuyachagua badala ya kuyafyeka.

Pita shambani baada ya mavuno. Kwa shamba la mtama, uwele au mahindi, chagua visiki 15 hadi 20 kwa ekari, vilivyotawanyika, visirundikane upande mmoja. Kama huna hakika kisiki ki hai, kwaruza gamba karibu na ardhi kwa ukucha: likiwa la kijani na lenye unyevu chini yake, kiko hai.

Kisha pogoa. Kisiki chenye machipukizi 15 kinabakizwa matatu hadi matano: yaliyonyooka, manene kuliko mengine, na yaliyoota pande tofauti za kisiki. Mengine yote kata karibu kabisa na kisiki. Katika yale yaliyobaki, ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu, usizidishe hapo. Panga liwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu kwenda chini, tawi huchanika na kuvuta ukanda wa gamba la shina, na kwenye kidonda hicho huingia kuvu na mchwa.

Funga alama: kipande cha kitambaa chenye rangi inayoonekana kwa mbali. Kinamwambia mwenye plau, mchungaji na mchoma mkaa kwamba kisiki hiki kina mwenyewe. Kitongoji kizima kikikubaliana rangi moja, hakuna wa kusema hakujua.

Mwisho, linda. Rudi kila baada ya miezi miwili hadi sita, ukate machipukizi mapya yanayoota chini. Matawi uliyokata, kama yana miiba, yazungushie kisiki. Yasiyo na miiba ni kuni. Mwaka wa pili unaweza kuvuna shina moja na kuacha chipukizi lingine lichukue nafasi yake. Usivune yote kwa mara moja hata siku moja.

Mtindo huu ulienea sana huko Maradi, Niger, tangu miaka ya 1980, Mwaustralia Tony Rinaudo alipoanza kuufundisha. Leo unakadiriwa kufika hekta milioni 5 nchini humo. Dodoma umesambazwa na shirika la LEAD Foundation lenye makao Mpwapwa, na ndiyo maana wengi wanaujua kwa jina la Kisiki Hai.

Vyangu nilivipogoa na vikafa. Kwa nini?

Ukame si wa kwanza kulaumiwa, kwa sababu mizizi ya kisiki ni ya mti mkubwa uliokuwepo. Angalia mambo matatu. Je, ulipogoa hadi ukaacha kishungi cha majani kileleni tu? Shina jembamba lenye majani machache haliwezi kujilisha, na upepo ukija linalala. Je, ncha zimeng'atwa? Mbuzi huanza na ncha laini, na chipukizi lililong'atwa mara tatu hurudi kuwa kichaka. Je, kuna weusi wa moto chini? Moto wa kusafisha shamba unaopita kwa dakika chache hukaanga gamba la shina lenye unene wa kidole.

Sababu mbili kati ya hizo tatu huwezi kuzizuia peke yako. Mbuzi ni wa jirani, na moto hutoka kwa jirani.

Miti shambani haitaninyang'anya mavuno?

Inategemea mti na kivuli chake. Mti wa kisiki hai unaopogolewa kila mwaka hubaki mrefu na mwembamba, na mwanga hupita chini yake. Usipoupogoa, mtama ulio chini yake utakuwa mfupi, na malalamiko yatakuwa ya haki. Mti uitwao Faidherbia albida ni bora kuliko yote kwa sababu hupukutisha majani wakati wa mvua, mazao yanapotaka mwanga, na kuyavaa tena kiangazi. Maganda yake mifugo huyapenda sana. Mikungugu nayo hutoa maganda ya kulishia mbuzi.

Hofu ya kwelea kwelea ina ukweli kiasi, hasa kwenye uwele na mtama, kwa sababu ndege hutafuta pa kutua. Kutua kwao kwingi ni kwenye vichaka vilivyofungamana, si kwenye mashina yaliyopogolewa. Wanaolima kwa plau ya ng'ombe wachague visiki vilivyo kwenye mstari mmoja au mipakani, la sivyo watavunja jembe la plau na kuichukia kazi yote.

Kwa nini tusigawiwe miche tu?

Miche ni mizuri pale pasipo na kisiki hata kimoja, au mnapotaka mwembe, mpapai na mlonge karibu na nyumba. Shambani, mche wa kopo una mzizi wa sentimita 20 na unakutana na kiangazi cha miezi saba. Unahitaji kumwagiliwa, na maji yenyewe yanabebwa kichwani.

Mifugo huingia mashambani baada ya mavuno, ni mila yetu. Tutafanyaje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote ya ukurasa huu, na wataalamu wengi hulipita haraka.

Tanzania imejaribu njia mbili zilizo wazi. Kondoa, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, mifugo yote iliondolewa kwa amri mwaka 1979 katika eneo lililokuwa limemomonyoka vibaya. Uoto ulirudi, lakini wafugaji walibeba gharama yote. Shinyanga, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga (1986 hadi 2004), ulitumia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari: ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, kuanzia Julai au Agosti. Kulikuwa na ngitili za kaya na za kijiji, na sungusungu walizilinda. Malaki ya hekta yalirudi kuwa na miti na majani, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa kikundi cha kijiji, njia ya Shinyanga ndiyo ya kuiga, kwa sababu mfugaji anapata majani mwezi wa Septemba, wakati jirani asiye na ngitili anahama.

Ili makubaliano yawe na nguvu, yafanyeni sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, huijadili, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila hatua hii ya mwisho, faini mnayotoza inaweza kupingwa na mtu yeyote anayejua haki zake. Hakikisheni muhtasari wa mkutano una mahudhurio yaliyosainiwa. Rasimu nyingi hurudishwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Ndani ya sheria andikeni mambo machache yanayopimika: tarehe ya kufungua mashamba kwa mifugo, njia ya mifugo ya kufika lambo au kisima (iwekeeni alama za mawe, na ipitiwe mguu kwa mguu na wafugaji wenyewe), na upana wa mkanda wa kuzuia moto kuzunguka ngitili, usiopungua mita 3 zilizolimwa hadi udongo uonekane. Faini iwe ndogo kiasi cha kulipika. Faini ya laki tano haitozwi kamwe, kwa sababu mkosaji ni shemeji ya mtu. Ya elfu kumi kwa kila mbuzi aliyekamatwa hutozwa jioni ileile. Na wafugaji wawemo wakati wa kuandika rasimu, si wakati wa kusomewa.

Mitaro ya fanya juu inapimwaje bila vifaa vya mhandisi?

Kwa fremu ya A. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, iunganishe juu kwa msumari, itanue miguu mita 1.5 hadi 2, kisha pigilia mti wa tatu katikati kama mstari wa herufi A. Ning'iniza kamba kutoka kileleni, na jiwe mwishoni, lishuke chini kidogo ya mti wa katikati.

Fremu lazima isawazishwe kabla ya kutumika, na hapa ndipo wengi huharibu. Isimamishe, weka alama chini ya kila mguu, na chora pale kamba inapogusa mti wa katikati. Igeuze, mguu wa kulia ukae palipokuwa wa kushoto, na uchore tena. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndiyo alama ya usawa. Siku yenye upepo usipime; jiwe likiyumba, mstari wote unapinda.

Anza juu ya shamba, si chini. Simamisha mguu mmoja, sogeza wa pili hadi kamba ikae kwenye alama, piga kigingi, endelea. Ukimaliza, utazame mstari kwa mbali na ulainishe kona kali. Umbali kati ya mtaro na mtaro hutegemea mteremko: kwenye asilimia 5 mita 20 hivi, kwenye asilimia 15 mita 11 au 12. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na udongo wote urushwe upande wa juu, ndiyo asili ya jina fanya juu. Kati ya mtaro na tuta acha nafasi ya sentimita 15 hadi 30, la sivyo mvua ya kwanza itaurudisha udongo mtaroni. Ndani ya mtaro acha vizuizi vya udongo usiochimbwa kila baada ya mita 10 hivi, ili maji yatulie yasikimbie pembeni. Juu ya tuta pandeni majani, makarikari kwa mfano. Tuta tupu halimalizi masika mawili.

Kinachovunja mitaro ni kimoja: sehemu iliyo chini kuliko nyingine. Maji yote hukimbilia hapo, tuta hukatika, na wingi ule hushukia mtaro wa pili na kuukata pia. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa ya kwanza mtu aende na jembe asubuhi yake, atazame maji yamesimama wapi. Kama kuna maji yanayoingia kutoka barabarani au mlimani, kwanza chimbeni mtaro wa kuyachepusha juu ya shamba. Fanya juu hukinga mvua inayonyesha shambani, haiwezi kubeba mto.

Na mashimo ya chololo?

Ni mashimo ya kupandia yenye jina la kijiji cha Chololo, Dodoma. Kila shimo ni sentimita 20 hadi 25 kwa upana na 25 hadi 30 kwa kina. Mashimo yanaachana sentimita 60 kwenye mstari, na mistari sentimita 90, ikifuata usawa wa ardhi. Udongo uliotoka hufanywa kituta upande wa chini. Ndani unaweka jivu kidogo la kufukuza mchwa, samadi iliyoiva konzi mbili, mabaki ya mimea, unarudishia udongo kiasi na kuacha shimo likiwa bado limebonyea, kisha unapanda mbegu chache za mtama, uwele au mahindi.

Piga hesabu kabla ya kuahidi: kwa nafasi hizo ekari moja ina mashimo 7,500 hivi. Ukiweka gramu 250 za samadi kila shimo, ni karibu tani mbili. Mwaka wa kwanza chimba robo ekari, mashimo yasiyofika 1,900, na uanze Julai. Msimu unaofuata hutachimba upya, utayasafisha tu.

Samadi mbichi huunguza miche. Ikae kwenye rundo lenye unyevu miezi miwili au mitatu kwanza. Kwenye udongo mweusi wa mbuga usichimbe kabisa, maji hutuama na mizizi huoza. Kwenye mchanga mtupu shimo hujifukia lenyewe.

Bati langu ni dogo. Litanipa maji kiasi gani?

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 5 lina mita 40 za mraba. Kwa mvua ya milimita 570 ni lita 22,800, na ukitoa asilimia 20 ya maji yanayoruka na kuvuja, unabaki na lita 18,000 hivi. Kwa hiyo tatizo si bati, ni mahali pa kuyaweka.

Kwa kunywa na kupika tu, watu 5 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa siku 210 za kiangazi, ni lita 5,250. Simtanki la lita 5,000 linakaribia kutosha, mradi hakuna anayelifulia nguo. Nguo zifulieni kisimani au lamboni.

Maji hayo yananyweka?

Bati ndiyo, nyasi hapana. Maji ya kwanza ya kila mvua yana vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo yamwageni: kwa paa la mita 40 za mraba, ndoo moja au mbili za lita 20. Fungia bomba la inchi 4 wima kabla ya tenki, lenye kifuniko chini. Bomba la mita 2.5 hushika karibu lita 20, likijaa, maji safi hupita juu kwenda tenkini. Kifuniko kiachwe na tundu dogo la kuvujisha ili bomba liwe tupu kabla ya mvua ijayo. Mfumo huu hufa pale tundu linapozibwa na tope na hakuna anayekumbuka kulizibua.

Tenki lisipitishe mwanga, la sivyo utaota ukijani, na kila tundu liwe na wavu wa mbu. Hata hivyo chemsheni, au tieni dawa ya klorini, au mtumie jua: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ilale juani kwa muda wa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Katika maeneo ya Singida, Shinyanga na Arusha yenye visima vya madini mengi ya floraidi, yale yanayotia meno rangi ya kahawia, maji ya mvua yana faida kubwa zaidi: hayana floraidi, na kuchemsha maji ya kisima hakuiondoi.

Jiko banifu la udongo linaokoa kuni kweli?

Likijengwa vibaya, haliokoi. Jiko kubwa la udongo mnene hunyonya moto mwingi kabla sufuria haijapata, na kwa chai ya asubuhi mafiga matatu yaliyokingwa upepo yanaweza kulishinda. Faida huonekana kwenye ugali na maharage, na pale vipimo vinapofuatwa: mlango wa kuni sentimita 12 kwa 12, sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafu ya moto hadi tako la sufuria, na nafasi ya sentimita moja tu kati ya sufuria na ukuta. Nafasi ikiwa sentimita 3, moto unapasha hewa. Kwa hiyo jiko hujengwa kwa sufuria ya nyumba hiyo, ikiwa imewekwa pale pale.

Udongo wa kichuguu ni mzuri, lakini uwiano wake na mchanga hutofautiana kijiji hadi kijiji. Tengenezeni vitofali vitatu vya majaribio, kimoja bila mchanga, kimoja na robo, kimoja na nusu, vyote na nyasi zilizokatwakatwa. Vikauke kivulini siku tano. Tumieni mchanganyiko usiopasuka wala kumeguka ukikwaruzwa. Jiko likauke kivulini wiki mbili au tatu kabla ya moto wa kwanza, na huo uwe mdogo.

Kuni kavu zilizopasuliwa ni nusu ya kazi. Kisha kuna kapu la kupikia, ambalo watu hulidharau kwa sababu halifanani na mradi: kapu la kawaida lililojazwa pumba kavu au matambara, unene wa sentimita 10 kila upande, na mto wa kufunika. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemke dakika 20 hadi 30 kwa moto mkali, sufuria ifunikwe, ikae kapuni kwa muda wa saa tatu, kisha ichemshwe tena kabla ya kupakua. Usifupishe ule mchemko wa kwanza. Maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha huumiza tumbo.

Biogesi je?

Mtambo mdogo wa mita za ujazo 4 unataka kilo 20 hadi 30 za kinyesi kila siku na maji kiasi kilekile. Kama ng'ombe wanachunga mchana kutwa na maji yanafuatwa kilomita tatu, uacheni.

Kikundi kiendeshweje, hasa fedha?

Gaweni kazi kwa mita, si kwa siku. Mtu akipewa mita 5 za mtaro anamaliza na kuondoka. Akipewa siku nzima ya msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) anafika saa nne na kukaa chini ya mti. Posho ya mafunzo izuieni mapema, kwa sababu ikishazoeleka, kazi husimama siku mfadhili anapoondoka. Akiba iwe kwenye mfumo ambao watu wanaujua tayari, kama VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya kijiji: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mkutano.

Tuandike kumbukumbu zipi?

Daftari moja linatosha. Kila mwaka mwezi wa Oktoba hesabuni visiki vyenye kitambaa na vilivyo hai, mita za mtaro zilizo nzima, tarehe tenki la kila kaya lilipokauka, na mizigo ya kuni inayochomwa kwa wiki. Ahesabu mtu wa kitongoji kingine, si mwenye shamba.